Shimo la Kuvundika Ndizi

Asubuhi niliyotoka nyumbani kwa dada yangu Kitendaguro sikuwa nimegombana na mtu. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba msichana akiondoka lazima pametokea ugomvi. Nilikuwa nimefagia uwanja na kuchemsha chai, nimesimama mlangoni nikitazama ukungu ukipanda kutoka ziwani, na miguu ikaanza kuniwasha kama ilivyoniwasha darasani hadi nikaacha shule kidato cha pili. Nikaweka kikombe dirishani, nikachukua mfuko wenye khanga na sweta, nikashika njia iendayo chini, kwa kuwa kushuka ni rahisi kuliko kupanda. Nilifika Kashai, Bukoba mjini, jua likiwa limeanza kukausha matope. Nikapita vibanda vya vocha na mafundi cherehani, na bodaboda mmoja akanichokoza, "Dada, unakwenda wapi na mfuko?" Nikamjibu, "Ukijua uniambie." Wenzake wakamcheka. Kisha nikasikia mwanamke analia nyuma ya mlango wa bluu. Kilikuwa kilio cha msiba, kile kinachopanda na kushuka, ila kila kilipofika juu kilikatwa na sauti ya mwanamume iliyosema kwa upole, "Hapana. Rudia." Na mwanamke anaanza upya. Mtu mwenye akili angepita. Mimi nilisukuma mlango.

Mwezi uliopita, miaka mingi baada ya siku ile, tulikutana tena, sisi watatu tunaoendelea kujuliana hali, nyumbani kwa Adventina kule Kagondo, binti yake alipopata komunyo ya kwanza. Adventina ndiye aliyekuwa akilia nyuma ya mlango ule. Novatus, aliyekuwa mpiga picha wetu, sasa ana upara na studio yake mwenyewe. Baada ya chakula wageni walimwomba aigize yule bosi wetu wa zamani, naye akainamisha shingo upande, akashusha sauti mpaka ikawa kama ya padri kwenye kitubio, na watu wakashikana mbavu. Adventina naye akasimulia kisa cha shimo. Alikisimulia vizuri sana, akiruka na kujishika mdomo, na mama mmoja akacheka hadi akatoka nje. Nami nilikuwa nacheka, mpaka nilipoona kwamba sasa Adventina ameegemea ukuta, na mikono yake ameiviringisha ndani ya khanga kama mtu anayesikia baridi. Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia, "Koku, wewe unapenda kuandikaandika. Andika kisa hiki. Mimi nikikisimulia watu wanacheka." Nikamwuliza, "Si unawachekesha mwenyewe?" Akasugua sufuria. "Nisipowachekesha sitafika mwisho."

Kwa hiyo naandika. Nyuma ya mlango wa bluu palikuwa na kampuni, vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vya plastiki, picha za maharusi ambao hawakurudi kuzichukua, na mabango ya filamu mbili ambazo kampuni ilikuwa imezitoa kwenye diski, yote yakiwa na uso wa Adventina. Chumba cha nyuma kilikuwa na madirisha yaliyozibwa kwa kitambaa cheusi, kompyuta ya Novatus, feni, na harufu ya nyaya zilizopata moto. Kona moja ya chumba hicho ilikatwa kwa ukuta wa playwudi, na huko ndani ndiko alikokaa mwenye kampuni. Tulimwita Mkurugenzi. Jina lake sitaliandika. Ana watoto, na watoto wake hawakunikosea. Alinitazama siku ile niliposimama mlangoni na mfuko wangu, wala hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza, "Unajua kupika?" Nikasema najua. "Unajua kunyamaza?" Nikasema najua. Akatabasamu, akasema, "Basi tuanze na kupika." Adventina alikuwa ameketi sakafuni, amejipaka vumbi usoni kwa ajili ya mazoezi, machozi yamechora njia mbili mashavuni. Alinikonyeza. Nilidhani ananikaribisha. Baadaye aliniambia alikuwa ananionya.

Nilipika kwenye jiko la mkaa uani, ndizi na maharage, siku nyingine dagaa, na msimu wa senene niliwakaanga panzi hao hadi majirani wakachungulia juu ya ukuta. Lakini katika mwaka ule sikumbuki mlo hata mmoja ulioliwa wa moto. Sheria ilikuwa kwamba hakuna anayegusa sahani kabla Mkurugenzi hajafika, naye hakusema atafika saa ngapi. Tulikaa tukizitazama ndizi zikishika ngozi juu, tukipiga soga za chini chini, Novatus akimtania Adventina kwamba sura yake ya kwenye bango ni nzuri kuliko ile aliyokuja nayo kazini, na Adventina akimjibu, "Sura hiyo umeipiga wewe, kwa hiyo jisifu." Halafu tunasikia pikipiki inaingia kwenye uchochoro. Hakuna aliyesema "anakuja." Soga ilikatika tu, kama redio iliyochomolewa. Nilishangaa, siku za mwanzo, jinsi watu wazima walivyoweza kugeuka hivyo kwa sauti ya injini. Mwezi haukuisha kabla na mimi sijawa hivyo hivyo. Hata leo, nikiwa mezani mahali popote, pikipiki ikipunguza mwendo nje, tonge hunikaa mdomoni.

Na mtu huyu hakuwa akifoka. Tangu wakati ule nimefanya kazi kwa watu wengi, Kahama, Geita, Mwanza, nimefokewa jikoni na sokoni na kwenye machimbo, na mtu anayefoka simwogopi sana, kwa sababu unajua alipo. Mkurugenzi alikuwa anakuita kule nyuma ya playwudi, mmoja mmoja, anafunga mlango na kukupa kipande chako. Ndivyo alivyosema mwenyewe: "Kila mtu na kipande chake." Kama kuna harusi, Novatus aliambiwa kanisa, Adventina akaambiwa ukumbi, mimi nikaambiwa saa ya kuondoka, na dereva wa kukodi akaambiwa barabara; kazi nzima ilikuwa kichwani mwa Mkurugenzi peke yake. Aliamini kwamba mfanyakazi anayejua kila kitu kesho atafungua studio mtaa wa pili. Kisha, kabla hujatoka, alikuuliza habari za wengine kwa ile sauti ya kitubio. Novatus anaonaje kazi? Adventina alikuwa anaongea na nani kwenye simu? Ukisema hujui, alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeambiwa habari nyingine tayari. Ukitoka pale ulijiuliza wenzako wamesema nini juu yako. Adventina na Novatus, waliokuwa wametoka kijiji kimoja na kusoma pamoja, walifika mahali pa kusalimiana kwa macho tu. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja chenye feni moja, kila mmoja akiwaogopa wawili waliobaki.

Mtu ataniuliza kwa nini tulikaa. Nimejiuliza pia, na jibu ninalolipata linabadilika kila mara. Mkurugenzi alikuwa na kipaji, hilo silikatai. Aliweza kumtazama bibi anayeuza karanga akaona filamu nzima. Mtoto wa Novatus alipougua, ni yeye aliyempakia kwenye pikipiki katika mvua na kumfikisha hospitali, akakaa naye benchini mpaka alipopata daktari. Na Adventina alikuwa anapita sokoni akisikia wasichana wanasema, "Yule, yule wa kwenye filamu!" Kitu hicho si kidogo kwa mtu aliyeanza kwa kuuza mitumba. Mimi nilikaa kwa sababu nilikuwa nataka kujua. Sijui ni kujua nini. Kila nilipofikiria kuondoka palikuwa na jambo sijaliona mwisho wake.

Mwishoni mwa mwaka ule Mkurugenzi akaanza filamu ya tatu. Ilikuwa ya mke anayezikwa angali hai na ndugu wa mume, kisha anarudi. Adventina ndiye mke. Alipopewa kipande chake alitoka nyuma ya playwudi midomo ikiwa imekauka, akaja uani nilipokuwa namenya ndizi, akaanza kumenya nami bila kuombwa. Mama yake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo kuna sauti moja asiyoweza kuivumilia, ya udongo unaotua juu ya kitu. Hata mtu akimwaga mchanga wa kujengea, yeye huondoka. "Nimemwambia hivyo," akasema. "Amenielewa. Amesema nitalala ndani ya shimo, lakini juu yangu zitawekwa mbao, na udongo utaishia kwenye mbao. Haitanigusa hata punje." Akanitazama ili nimsaidie kuamini. Nikamwambia, "Kama ni mbao, sawa."

Siku chache baadaye nilikuwa nikifuta vumbi kwenye viti vya plastiki, na playwudi haijui kutunza siri. Nikasikia Mkurugenzi anampa Novatus kipande chake. "Mbao hazitakuwepo," alisema. "Usimwambie. Ataona hazipo akiwa tayari amelala. Watazamaji wetu wameshayachoka machozi ya bandia, Novatus. Nataka hofu ya kweli, mara moja tu, nikishaipata tunamtoa." Novatus akauliza kitu ambacho sikukisikia. Mkurugenzi akajibu, "Kazi yako ni kamera. Usikate mpaka niseme." Nilibaki na kitambaa mkononi. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa nasugua kiti kimoja ambacho kilikuwa safi kuliko vyote Kashai.

Tulikwenda Muleba kwa gari la kukodi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kila mto tuliovuka baada ya Kemondo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilijitolea kupakia vitu ili nione kila kilichoingia. Kamera, betri, mkeka, sufuria, kadibodi iliyobandikwa karatasi ya kung'aa tuliyoitumia kurudisha mwanga. Mbao hakuna. Nyumba tuliyofikia ilikuwa nje kidogo ya mji, katikati ya kibanja kizuri cha migomba na mibuni, na makaburi ya familia yako pembeni, yamepandwa maua, kama ilivyo kwenye vibanja vyote vya huko. Mama mwenye nyumba, Mama Domitila, alitupokea barazani. Mimi na Adventina tulipiga magoti kumsalimu kwa Kihaya, akafurahi kuona wasichana wa mjini hawajasahau. Akatuletea akamwani, kahawa ya kutafuna, katika kijikapu kidogo, akaomba radhi kwamba mzee wake, Anatory, hawezi kutoka. Ana siku nyingi kitandani, miguu imevimba, na usiku hapumui vizuri. Kutoka ndani tukasikia mzee anakohoa, kisha anamwuliza mkewe kwa neno la heshima la Kihaya, "Ni wageni gani hao, waitu?" "Ni wale wa picha," Mama Domitila akajibu. "Wanakuja kupiga jinsi tunavyotengeneza lubisi." Akatugeukia. "Mkubwa wenu aliniambia mtachimba shimo la kuvundika ndizi. Nimewawekea majani makavu ya kutosha."

Nilimwangalia Adventina, naye akaniangalia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata wenye kibanja walikuwa wamepewa kipande. Shimo la kuvundika ndizi za lubisi, pombe yetu ya ndizi, ni jambo la kawaida kwenye kila nyumba; unachimba, unatandika majani, unalaza ndizi, unafunika ziive. Nani angekataa? Lakini kaburi, katika nyumba yenye mgonjwa! Kwetu mtu hawezi hata kuulizia bei ya jeneza mgonjwa akiwa anasikia.

Mama Domitila alipoingia ndani kumgeuza mzee, nikamwegemea Adventina. Nikamwambia, "Dada, mbao hakuna. Nimepakia mwenyewe. Hazikusahauliwa." Alikuwa na kahawa mdomoni, akaendelea kutafuna polepole. "Najua," akasema. "Novatus ameninong'oneza kwenye gari. Na wewe unaninong'oneza. Mbona wote mnakuja kuniambia mimi? Mbona hakuna anayemwambia yeye?" Akatema maganda kiganjani, akainuka, akaenda moja kwa moja hadi aliposimama Mkurugenzi kwenye mibuni, nami nikamfuata nyuma. "Shikamoo Mkurugenzi. Mbao ziko wapi?" Akamwekea mkono begani. "Marahaba, mwanangu. Mbao zinakuja na vijana wa kuchimba. Wewe tuliza moyo." Nikasema, "Mkurugenzi, vijana wamekuja na majembe na machepe tu." Aligeuka akanitazama, bila hasira, kama mtu anayetazama sahani imewekwa mahali pasipo pake. "Koku," akasema, "kadibodi yako iko wapi?"

Vijana wawili wa kukodi walikuwa wamemaliza. Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, ukishapita safu moja ya migomba, hatua chache kutoka makaburini, refu, jembamba, udongo mwekundu umelundikwa ukingoni, bado unameremeta kwa maji. Mkurugenzi alikuwa amewapa vijana hao kipande chao pia, tulikuja kujua baadaye: "Dada atapiga kelele. Hiyo ni sehemu ya igizo. Msisimame." Novatus alikuwa na chake, asikate. Mimi nilikuwa na changu, nishike kadibodi juu, mwanga uingie shimoni, nisiishushe mpaka niambiwe. Adventina alisimama ukingoni amejizungushia mkeka wa kuzikiwa. Kwa miaka sikujua kwa nini aliingia. Siku ya komunyo nilimwuliza, akasema, "Nilidhani hatafanya. Nilitaka kumwona akishindwa kufanya." Akalala, akakunja mikono. Mkurugenzi akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Kidogo tu, miguuni, tuone mwanga." Chepe la kwanza likaanguka miguuni. Nikaona vidole vyake vikijikunja. La pili likaanguka magotini, na Adventina akafumbua macho na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi." Kisha akaita, "Basi! Basi jamani!" Kisha akapiga kelele.

Nimesikia watu wakipiga kelele kwa sababu nyingi. Kelele ile ilikuwa na jina la mama yake ndani yake. Vijana waliendelea kutupa udongo, tena mmoja akimtabasamia mwenzake, kwa kustaajabia jinsi dada anavyojua kuigiza. Novatus jicho lake lilikuwa kwenye kamera na machozi yanamtiririka shavuni, na hakukata. Mikono yangu ilikuwa juu, kadibodi inatetemeka, mwanga unacheza usoni mwa Adventina kama maji. Mkurugenzi alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, na nilivyoiona sura yake, hakuwa hata anamwona mtu. Alikuwa anaona filamu. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake. Kipande cha kusimamisha hakikupewa mtu. Ndipo udongo uliolowa pale ukingoni, uliokuwa umelundikwa karibu mno, ukateleza wenyewe, wote kwa mara moja, bila kishindo kikubwa, kama mtu anayekaa. Kelele ikakatika.

Aliyepiga yowe alikuwa Mama Domitila. Alikuwa ametokea kati ya migomba na mzigo wa majani makavu kifuani, anakuja kutandika shimo lake la ndizi, na alichokiona ni kaburi, na watu wanamfukia mtu. Alitupa majani akapiga enduru, yowe la hatari, ambalo huko hakuna anayelisikia akabaki ameketi. Sauti ile ndiyo iliyonishusha mikono. Sikumbuki kuruka, nakumbuka udongo baridi chini ya kucha, na vile vijana wawili, sasa wameelewa, wakichimba kwa viganja kando yangu, na Novatus akiwa amepiga magoti upande wa kichwa akiita, "Adve! Adve!" jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miezi. Tukapata nywele, paji, kisha mdomo. Novatus akautoa udongo kwa kidole chake. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu akakohoa, udongo ukatoka, akavuta pumzi kwa mlio nisioweza kuuandika.

Majirani walifika wakikimbia, wanawake wamejifunga khanga viunoni na tayari wanalia, kwa sababu walijua yowe kutoka nyumba ile lina maana gani. Walidhani Mzee Anatory amekufa. Naye Mzee Anatory mwenyewe, kwa vile alisikia msiba nyumbani kwake, alijikokota hadi mlango wa nyuma, akasimama ameshika fremu, miguu imevimba, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Amekufa nani?" Hakuna aliyecheka. Mahali hapa ndipo wageni wa Kagondo walipocheka kuliko kote, na naelewa, lakini siku ile wanawake waliinamisha vichwa. Macho ya mzee yalitoka kwetu yakaenda shimoni, yakapima urefu wake. Mama Domitila akamgeukia Mkurugenzi. "Ndizi gani hizo zinazolazwa kwa urefu namna hii?" Mkurugenzi akaanza, "Mama, lilikuwa igizo tu—" Akamkata. "Igizo linachimbwa kwa jembe la kweli? Mgonjwa wangu yuko ndani, umemchimbia mlangoni, na mimi unanituma nikulete majani ya kumtandikia!"

Wanawake walimbeba Adventina ndani wakamwosha kwa maji ya moto. Huku nje jirani mmoja mzee, aliyevaa koti juu ya kanzu, alizunguka lile shimo mara moja kisha akatoa uamuzi. Shimo la namna ile halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu litamdai mtu wa nyumba ile. Wakakata mgomba mkubwa, wakaufunga kwa majani yale yale makavu kama maiti, wakaushusha. Wakasali Baba Yetu, na mwanamke mmoja akalia kidogo, kama inavyotakiwa. Mkurugenzi aliamriwa asimame mbele, mahali pa mfiwa, naye akasimama na kofia mkononi. Nilikuwa karibu yake. Nikamwona anainamisha shingo upande wa Novatus, na nikasikia anamnong'oneza, "Inawaka?" Hata hapo! Novatus alichomoa betri kwenye kamera mbele ya macho yake, akaitia mfukoni.

Adventina alibaki kwa Mama Domitila, kaka yake akaja kumchukua kesho yake. Sisi wengine tulirudi kwenye gari. Tulikuwa hatujafika barabara kuu, Mkurugenzi, aliyekaa mbele, akasema bila kugeuka, "Swali langu ni moja. Nani alimwambia yule mama aje kule nyuma?" Ile sauti ya kitubio. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba meno yangu yalikuwa yanagongana, nikayauma pamoja ili yatulie, na nilipoyaachia, nikasikia natamka, "Ni wewe. Ulimwambia kuna shimo la ndizi. Akaleta majani." Nilitazama kisogo chake nikisubiri nisijue nini. Tulipoziona nyumba za Muleba akamwambia dereva, "Msimamishie huyu." Novatus alinipa mfuko wangu kupitia dirishani, akanishika vidole, akaviachia. Gari likaelekea Bukoba.

Nilisimama stendi nikiwa na udongo mwekundu hadi viwikoni, na kila pikipiki ilipopunguza mwendo niligeuka. Kijana mmoja alikuwa ananadi abiria kwenye lori dogo la mikungu. "Biharamulo, nafasi moja, mbele na dereva!" Sikuwa nimewahi kufika Biharamulo. Nikapanda. Nilifika jua likiwa bado linaonekana juu ya mabati, nikauliza chumba kwenye duka la kwanza, wakanielekeza kwa mama mmoja aitwaye Mama Saada, mwenye nyumba ya uani na vyumba vinne vya kupanga. Alinitazama kuanzia miguu. "Uko peke yako?" Nikasema peke yangu. "Unamkimbia mume?" "Sina mume, mama." "Sasa unakimbia nini?" "Kazi." Akacheka kwa mdomo mzima. "Wenzako wanaitafuta, wewe unaikimbia! Haya, ingia uoge kwanza, utanichafulia godoro."

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja, na kitasa kilichofunga kwa ndani. Nilipotoka kuoga nilikaa kitandani na khanga yangu. Ndipo nikasikia, nyuma ya ukuta, jembe linaingia ardhini. Likanyamaza, kisha chepe likakwangua, kisha udongo ukatua. Nilikaa nimeshika ukingo wa kitanda, nikijiambia hilo halinihusu, mimi ni mgeni, nimefika sasa hivi. Udongo ukatua tena. Nikainuka, nikafungua kitasa, nikatoka na maji yakinichuruzika, nikazunguka nyumba. Wanaume wawili walikuwa wamezama hadi kiunoni. Nikawauliza, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Mnachimba nini?" Wakatazamana. "Choo, dada. Kile cha zamani kimejaa." "Nani amewaambia mchimbe?" "Mama Saada." Nikamwita Mama Saada, naye akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, ni kweli umewaambia wachimbe choo?" Akanitazama, akawatazama, akashusha mwiko. "Ni choo, mwanangu," akasema taratibu. "Njoo uone mwenyewe." Nikasogea hadi ukingoni nikachungulia. Lilikuwa shimo la mviringo, linakwenda chini moja kwa moja, na hakuna mtu angeweza kulala ndani yake. Niliwashukuru. Wakacheka, wakarudi kwenye majembe yao, nami nikaingia ndani, nikafunga kitasa, nikalala huku wanachimba.